Mashuka yanapendwa, hayanunuliwi

SWALI: Nauza mashuka Instagram. Naandika "Mashuka mazuri, bei poa, njoo inboksi". Picha zinapendwa, oda hakuna. Nakosea wapi?

JIBU: "Mazuri" kila muuzaji anasema. Instagram hukata maelezo marefu na kuonyesha mwanzo tu, hivyo mstari wa kwanza ubebe kero ya mnunuzi: "Shuka linachomoka usiku? Hili lina lastiki pande zote." Kisha vipimo (6x6, godoro hadi inchi 10), kitambaa, idadi (mashuka 2, foronya 4) na kama rangi inachuja. Bei iandike hapohapo. Ukiificha inboksi, wengi huhisi watapangiwa bei kwa sura. Mwisho, ombi moja tu: "Tuma neno SHUKA na mahali ulipo kwa WhatsApp." Na usiandike "yamebaki 3" stoo ikiwa imejaa, wiki ijayo watayaona bado yapo.