Norah Jones: baada ya albamu ya kwanza, nisikilize ipi?

Mkuu, umeuliza baada ya Come Away with Me (2002), albamu ya kwanza ya Norah Jones, yule mwimbaji na mpiga piano wa jazi wa Marekani, uende wapi. Ruka hadi Day Breaks ya 2016. Humo karudi kwenye piano, na Wayne Shorter anapopuliza saksafoni yake haimfuniki mwimbaji, anachomekea tu pale sauti inapopumua. Vaa hedifoni utanielewa. Feels Like Home (2004) nayo tamu, ila imeegemea kantri, hadi Dolly Parton kaitwa kuimba humo. Little Broken Hearts ya 2012, mkono wa prodyuza Danger Mouse, ni uchungu wa kuachwa mwanzo mwisho. Jazi kidogo mno. Mimi naipenda kuliko zote, lakini kwako isiwe ya pili, utamkimbia dada wa watu bure.