Jibu: Mitego ya taa na mbu wa dengue

Ndugu, umeuliza kwa nini mitego yenu ya taa inanasa mbu wachache ilhali wagonjwa wa homa ya dengue wanaongezeka. Tatizo ni aina ya mtego. Taa humvuta Anopheles, mbu wa malaria, anayetafuta damu usiku. Aedes, mbu anayeeneza dengue, huuma mchana na taa haimvutii sana. Huyu mtegee mayai: kopo jeusi lenye maji, ndani yake kipande cha kitambaa kilichozama nusu ili atage hapo, kisha hesabu mayai na kumwaga maji kila wiki. Usichelewe hata kidogo, maana yai huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10, na kopo lako litageuka mazalia! Andika pia mahali na tarehe ya kila kopo, ili wanaoangamiza mazalia wajue waanzie wapi.