Mnaoniuliza mnunue gitaa la besi gani ndo muitwe kazini, someni hapa

Juzi kuna kijana kanitumia meseji ndefu imejaa heshima, shikamoo kaka, nakufuatilia siku nyingi, napiga besi ya kawaida ya nyuzi nne, mazoezi nafanya sana lakini bendi za maana haziniiti, nimejinyima nimekusanya hela, sasa naomba ushauri, nichukue ya nyuzi sita yenye betri na pikapu mbili, vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi, au nivumilie mpaka nifikie zile wanazopiga mastaa? Nimeisoma, nikaweka simu pembeni, baadaye nikaisoma tena. Roho iliniuma, maana huyu mdogo wangu ameshaaminishwa kwamba haitwi kwa sababu ya gitaa lake.

Maneno hayo nayajua vizuri. Niliwahi kutolewa kwenye bendi kwa sababu hiyo hiyo. Kiongozi wetu hata hakunipigia, alituma ujumbe, kaka tumepata mtu mwenye chombo cha kisasa, tutakutafuta. Basi. Mtu niliyekuwa na nyimbo zote kichwani, mpiga kinanda mpya akija mimi ndo namwelekeza kodi, zile noti zinazopigwa pamoja, mwimbaji akiruka ubeti mimi ndo namdaka na bendi nzima inageuka na mimi, halafu kikaja kuangaliwa chombo. Aliyenipokea sina ubaya naye, kila mtu anatafuta riziki. Ila yule kiongozi, tukikutana tunasalimiana vizuri tu, tunaulizana za nyumbani, lakini moyoni bado lipo na siwezi kuwadanganya kwamba limeisha.

Sasa besi ile ile iliyoonekana haifai ndo ninayofanyia kazi mpaka leo. Nimetoka kumaliza msururu wa shoo na bendi kubwa, niliitwa deiwaka kumshikia mtu aliyekuwa anaumwa, nikabaki mpaka shoo ya mwisho. Usiku ule wa mwisho wakati nakunja nyaya fundi mitambo wa sauti akanifuata jukwaani akasema, wewe sauti yako nimeipandisha mwanzoni mwa shoo, sijaigusa tena. Wapiga besi wenzangu mnajua uzito wa hilo neno. Fundi mitambo asiyegusa kitufe chako usiku mzima, kesho akiulizwa amjue mpiga besi gani, jina lako ndo la kwanza kumtoka. Kazi zangu nyingi nimezipata kwa mafundi mitambo na kwa wapiga dramu, sio kwa viongozi wa bendi, na hilo napenda kulisema kwa sauti.

Besi yenyewe ina umbo la Precision ya Fender, ni ya kampuni nyingine iliyofuata ramani ile ile. Leo Fender, mtengeneza magitaa wa Marekani, aliitoa Precision mwaka 1951, mwaka 1957 akaiwekea ile pikapu iliyogawanyika vipande viwili, na toka hapo muundo wake haujabadilika sana, pikapu moja, kitufe cha sauti, kitufe cha toni, umemaliza. Jazz Bass, ya Fender huyo huyo, ikaja 1960 na pikapu mbili na shingo nyembamba zaidi. StingRay ya kampuni ya Music Man ikaja 1976 na betri ndani ya kuendesha kikuza sauti chake. Hizi tatu ndo mama wa karibu kila besi utakayoikuta dukani, nyingi ni wajukuu wao tu wamebadilishiwa rangi. Kwa hiyo mtu akikwambia besi yako ya nyuzi nne imepitwa na wakati muulize imepitwa na nini hasa.

Na mkumbukeni James Jamerson. Huyu ndo kapiga besi kwenye nyimbo nyingi sana za Motown, ile lebo ya muziki ya Marekani, miaka ya 60, na chombo chake kikuu kilikuwa Precision ya 1962 yenye nyuzi bapa, zile zisizo na mikwaruzo, ambazo hakuwa na tabia ya kuzibadilisha mpaka zikatike. Mkono wa kulia alitumia kidole kimoja tu, cha shahada. Kidole kimoja! Na lebo kwa miaka mingi haikuwa inaandika majina ya wapigaji kwenye kava, kwa hiyo dunia nzima ilikuwa inacheza besi ya mtu isiyemjua. Kafariki 1983, akaja kuingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, orodha ya heshima ya wanamuziki wakubwa, mwaka 2000. Nikikumbuka ile meseji ya yule kiongozi huwa namkumbuka Jamerson, sio kwamba najilinganisha naye, hapana, ila ndo hali ya mpiga besi, watu wanakuhisi kifuani kabla hawajajua unaitwa nani.

Tukija kwenye vifaa. Kabla hujanunua besi nyingine hebu itengeneze hiyo uliyonayo. Nimeshika besi nyingi za vijana na karibu zote zina tatizo moja, shingo imepinda na nyuzi zipo juu mbali, halafu kijana anadhani vidole vyake ni vizito. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza, freti ni vile vyuma vilivyolala shingoni, kwa mkono mmoja na freti ya mwisho kwa mkono mwingine, halafu angalia katikati, maeneo ya freti ya saba na ya nane, kuna nafasi kiasi gani kati ya uzi na freti. Inatakiwa kanafasi kadogo kama unene wa kadi ya mawasiliano, bizinesi kadi. Ikiwa uzi umelala kabisa, shingo imenyooka kupita kiasi na itakugongea freti. Ikiwa unaweza kupitisha kitu kinene, shingo imekunjika na ule msumari wa ndani, chuma kirefu kinachonyoosha shingo, unahitaji kukazwa, na ukiukaza zungusha robo tu, acha shingo itulie, pima tena. Hali ya hewa ikibadilika shingo inabadilika, mbao ni mbao. Halafu kagua tuni kwenye freti ya 12, uzi ukibanwa hapo utoe noti ile ile ya ule mlio wa kugusa juu ya freti ya 12 bila kubana. Ukibanwa unapanda juu, rudisha kijidaraja chake, pale uzi unapolalia mwilini mwa gitaa, nyuma, ukishuka kisogeze mbele. Kama mkono wako hauko sawa na bisibisi mpelekee fundi, hela yake ni ndogo kuliko besi mpya, na utarudi nyumbani unadhani umepewa gitaa la mtu mwingine.

Nyuzi ni suala la kazi unayofanya. Za mikwaruzo zinang'aa na zinachakaa haraka, bapa zinadumu na zinakaa chini ya kiki, ile dramu kubwa ya mguu, bila ugomvi. Mimi napiga bapa.

Sasa hapa ndo nataka msome taratibu, sauti za kati. Vijana wengi mkiwa chumbani mnapandisha besi, mnapandisha trebo, mnashusha kati mpaka chini, na kweli chumbani inapendeza, inatikisa madirisha. Mkiingia kwenye bendi mnapotea. Mpiga besi anaanza kuongeza sauti, mpiga solo naye anaongeza, fundi mitambo anakasirika, mwisho wa shoo mtu anasema huyu besi yake haieleweki na wewe unaenda kulaumu gitaa! Uzi wa E ukipigwa mtupu unatetemeka mara 41 kwa sekunde, hertz 41. Spika nyingi ndogo hazifiki huko kabisa, simu ndo usiseme. Anachosikia msikilizaji ni ile milio ya juu yake, 82, 123 na kuendelea, sikio lenyewe ndo linajazia ule mlio wa chini. Na huko chini kuna kiki ya dramu imekaa. Kwa hiyo mahali pako pa kusikika noti kwa noti ni kuanzia kama hertz 250 mpaka 800, na ndo huko huko mnakokukata. Ukifika saundi cheki, kujaribu sauti kabla ya shoo, weka ikwalaiza yote, vile vitufe vya besi, kati na trebo, katikati, piga, omba mpiga dramu apige na wewe, ndo uanze kugusa. Mara nyingi hutagusa kitu. Mimi kwenye shoo nyingi nimepiga ikwalaiza ikiwa imelala hivyo hivyo na ndo sauti aliyoisifia yule fundi.

Kitu cha pili cha kununua, kabla ya besi nyingine, ni boksi zuri la DI la kwako. Waya mrefu wa gitaa unakula trebo na unaokota mngurumo wa umeme njia nzima, boksi la DI linaigeuza sauti yako iweze kusafiri mbali mpaka kwenye miksa ikiwa safi, lile lenye umeme ndani linaweza kupokea volti 48 kutoka miksa yenyewe au betri. Niwape mfano. Tulikuwa katikati ya wimbo, ukumbi umejaa, ampu ya ukumbi, kikuza sauti na spika ya besi yangu, ikazima, taa yake nyekundu ikapotea kimya kimya nyuma yangu. Sikusimama, maana sauti yangu ilikuwa inatoka kwenye boksi kabla ya kufika kwenye ampu, mbele watu wanaendelea kucheza, mimi jukwaani nilikuwa naisikia kwa mbali kwenye spika ya mpiga dramu, nikamsogelea, nikakazia macho mguu wake wa kiki mpaka wimbo ukaisha. Hakuna mtu ukumbini aliyejua. Ningekuwa nimetegemea maiki mbele ya spika ya ampu ningebaki nimesimama na gitaa shingoni.

Beba waya mbili nzima, tuna ya kuwekea nyuzi sawa, boksi, fyuzi, na kama besi yako ni ya betri basi betri ya volti 9 mpya mfukoni, na uchomoe jeki ukimaliza kupiga, maana besi nyingi za betri jeki ikiwa ndani betri inaliwa hata kama hupigi. Mkanda mpana, besi ina kilo nne na ushee na shoo ni masaa, mgongo hauna spea. Masikio nayo hayana. Tunasimama pembeni ya haihati, yale matoazi mawili ya dramu, kila siku, na wataalamu wa afya kazini Marekani wanashauri kelele ya desibeli 85 usizidishe masaa 8, ikifika 100 ni dakika 15 tu, na jukwaa linafika huko bila shida yoyote. Nunua vile vizibo vya wanamuziki vinavyopunguza sauti bila kuifunika. Nina rafiki zangu wakubwa kwenye hii kazi ambao sasa wanasikia mlio kichwani wakilala, na hakuna kifaa kinachoufuta. Nalisema hili kwa uchungu, vijana vaeni vizibo.

Na mkiitwa, nendeni mmejua nyimbo. Jamani. Mtu anakuja mazoezini na besi ya bei mbaya anauliza huu wimbo unaanza kodi gani, wakati alitumiwa nyimbo wiki nzima. Sikiliza mwisho wa kila wimbo, wengi wanajifunza mwanzo na kati, halafu mwisho wa wimbo jukwaani bendi inasimama na yeye anaendelea peke yake. Fika mapema, kabla ya dramu kufungwa. Jibu simu. Usiongee vibaya kuhusu mpiga besi uliyemshikia nafasi, atapona atarudi na ndo atakayekupigia siku nyingine. Piga noti chache zikae mahali pake. Nimeshasema na nitarudia, noti chache zikae mahali pake.

Haya, mdogo wangu wa meseji, nyuzi sita ziache kwanza. Ule wa sita ni C ya juu, unasaidia kupiga kodi na solo, na katika kazi za kuitwa sijawahi kuambiwa niulete. Nyuzi tano hapo naelewa, waimbaji wanashusha ufunguo, vinanda vinashuka chini ya E, na uzi wa tano ni B ya hertz 31, unakupa Eb, D na C za chini bila kulegeza nyuzi. Kama kazi unazozitaka ni hizo, chukua ya tano, lakini baada ya kutengeneza hiyo ya nne na kununua boksi. Ukiwa dukani usiikubali kwa rangi. Piga uzi wa E mtupu, halafu piga uzi wa B kwenye freti ya tano, hiyo ni noti moja, ile ile. Piga mara nyingi, polepole, bila ampu kwanza halafu na ampu. Kama ile ya kwenye B imelegea, haina mwanzo, inavuma tu bila kueleweka, rudisha hiyo besi ukutani ujaribu nyingine.