Maji ya Ruvu: maswali yenu kuhusu mji na mashamba

Barua za safari hii karibu zote zinauhusu Mto Ruvu, unaotoka milima ya Uluguru na kuinywesha Dar es Salaam.

Bomba likikauka tunaambiwa wakulima wa huko juu wameuzuia mto. Kwa nini wasifungiwe kabisa? (Msomaji, Kimara)

Ndugu yangu, sheria inakupa haki, lakini haifiki huko. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inatanguliza maji ya majumbani, kisha maji ya kuuacha mto wenyewe uishi, ndipo kilimo na viwanda. Ukame ukibana, mkulima ndiye anayetangulia kufunga banio.

Ila wakulima si wamoja. Yupo mwenye kibali anayelipa ada, na yupo aliyetumbukiza pampu mtoni kimyakimya. Mwishoni mwa 2021, vuli ilipochelewa, Ruvu ilipungua na jiji likaingia kwenye mgao, msako ukapelekwa juu ya mto kuwaondoa waliochepusha maji. Aliyechepusha bila kibali simtetei. Mwenye kibali, hata hivyo, anastahili kuambiwa mapema, kabla hajasia mbegu, kwamba msimu huu maji hayatatosha. Kumfungia mpunga ukiwa unatoa masuke ni kumpotezea mbegu, mbolea, vibarua wa palizi na mkopo kwa siku moja. Na jiji linalomtaka afunge lizibe kwanza mabomba yake yanayovuja mitaani.

Nalima bamia na nyanya kandokando ya mto, eka moja na nusu tu. Pampu yangu ndogo nayo inahitaji kibali? (Mkulima, Pwani)

Inahitaji. Kuchota maji ya nyumbani kwa ndoo hakuna kibali, kuvuta kwa pampu kumwagilia shamba kuna kibali, na kinaombwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Pima pia umbali: ndani ya mita 60 kutoka ukingoni sheria ya mazingira hairuhusu kilimo. Jiunge na jumuiya ya watumia maji ya eneo lako. Zamu zikipangwa huko, mtasikilizwa kuliko kila mtu akienda peke yake.

Kuna mahali mji unawalipa wakulima ili waachie maji? (Mwanafunzi, Morogoro)

Kupo, tena mfano mmoja uko mlimani kwenu. Miaka ya 2000 ikielekea ukingoni, wakulima wa Kibungo, Uluguru, walilipwa kwa kukata matuta na kupanda miti ili udongo usiporomokee mtoni. Miongoni mwa walipaji lilikuwemo shirika la maji la Dar es Salaam. Naupenda mpango ule kwa sababu ulimtambua mkulima kuwa mtunza maji na ukamlipa kwa kazi hiyo.

Mfano mkubwa uko California, Marekani. Kwa makubaliano ya 2003, wakulima wa bonde la Imperial wanaliachia jiji la San Diego maji ya Mto Colorado, hadi karibu mita za ujazo milioni 247 kwa mwaka, kwa malipo. Mwanzoni baadhi ya mashamba yaliachwa bila kulimwa. Baadaye wakageukia kubana matumizi shambani. Lakini ziwa la Salton lilikuwa likiishi kwa maji yanayochuruzika kutoka mashamba hayo. Limezidi kunywea, na vumbi la sakafu yake linawasumbua wakazi wa jirani ambao hawakuuza hata tone. Kibarua aliyekuwa akivuna kwenye mashamba yale naye hakuwa na maji ya kuuza. Alichokosa ni kazi. Tukiiga, watu hao wawe mezani tangu siku ya kwanza.

Bwawa la Kidunda likikamilika, ugomvi utakwisha? (Msomaji, Kibaha)

Utapungua. Ujenzi wa bwawa hilo la Mto Ruvu ulianza 2023, na limepangwa kuhifadhi lita bilioni 190 za masika ili mto usikauke kiangazi. Lakini jiji linakua, na mashamba mapya yatafuata maji hayo. Kiasi cha jiji, cha mto na cha wakulima wakati wa ukame kiandikwe na kutangazwa vijijini kabla bwawa halijajaa.