Rejista ya mahudhurio haitoshi, andikeni kijana amefanya nini

Dada yangu, umesema mfadhili anataka "mafanikio ya vijana" na kituoni mna rejista tu. Hapo nimepita. Nimelea kikundi cha vijana huku Likoni, Mombasa, miaka sita na mwaka wa kwanza ilikuwa majina na sahihi, majina na sahihi, mpaka siku kijana wetu mmoja akaja kutaka barua ya kuombea kazi hoteli moja ya Diani, nafungua daftari nakuta ninachoweza kuthibitisha ni kwamba alikuja Jumamosi nyingi. Na huyo ndiye alikuwa anashika pesa za timu mwaka mzima bila shilingi kupotea, ndiye alipatanisha vijana wa mitaa miwili waliokuwa hawapiti njia moja. Hakuna mahali tuliandika. Iliniuma sana.

Nikaenda kuangalia vile Tuzo ya Rais wanafanya, ule mpango wa kukuza vijana ulioko Kenya tangu 1966, umetokana na tuzo ya Duke of Edinburgh kule Uingereza. Ni wa miaka 14 hadi 24, kuna ngazi za shaba, fedha na dhahabu, na kijana mwenyewe anachagua huduma gani kwa jamii, ujuzi gani, mazoezi gani, halafu kuna safari. Kilichonishika ni kwamba lengo linawekwa mwanzo, kisha anaandika wiki kwa wiki na mtu aliyemwona anathibitisha. Vijana wetu hawakuwa wamejiandikisha kule lakini huo mtindo tuliuchukua.

Sasa usiandike "amejifunza uongozi", hiyo haimsaidii mtu. Andika "leo ameendesha kikao cha watu 14 peke yake, mwezi jana alikataa hata kusoma ajenda", weka tarehe na nani alikuwepo, na iandikwe siku hiyohiyo manake ukingoja ripoti ya mwisho wa mwaka utakuwa unabuni. Aanze kijana kwa maneno yake, wewe ufuate na sahihi. Asiyeandika vizuri mwache aongee kwa simu, muandike pamoja, umsomee akubali.

Na hapa nakuomba uwe mwangalifu sana, kuna mafanikio yanayofichua siri. Msichana amerudi shule baada ya kujifungua, kijana ameacha unga, yaani dawa za kulevya, hayo ni makubwa kuliko cheti chochote lakini si ya kumpelekea mfadhili na jina lake. Kwetu daftari ni la kijana na anakaa nalo, ripoti inabeba hesabu tu bila majina. Aliye chini ya miaka 18 tafuta ridhaa ya mzazi au mlezi, sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inataka hivyo.

Usianze na wote. Chukua vijana watano wiki hii, daftari za kurasa 48 zinatosha, na ukurasa wa kwanza kila mmoja aandike anataka kuweza nini kufikia miezi mitatu.