Dishi la futi 8 na jeki yake: maswali yenu

Fundi, nina dishi la futi 8 hapa Tabata. Nimelifunga ile mota ndogo ya kulizungusha, inayochomekwa kwenye waya wa LNB (kile kichwa cha mbele kinachopokea mawimbi). Inatikisika tu, haivuti. Imekufa?

Haijafa kaka, umeionea. Mota zile ni za madishi ya sentimita 80 hadi 120, tena zinakula umeme wa risiva, volti 13 au 18. Lako lina sentimita 240. Tafuta jeki ya volti 36, ile yenye fimbo ya chuma inayotoka na kuingia ikisukuma ubavu wa dishi lizunguke toka setelaiti moja hadi nyingine. Risiva haiwezi kuilisha, kwa hiyo nunua na kisanduku chake cha kuiendesha. Ile ndogo muuzie mwenye dishi la futi 3.

Shikamoo fundi. Marehemu baba aliacha nguzo ya dishi uani, Kigamboni. Naweza kufunga jeki juu yake bila kuing'oa?

Marahaba mwanangu. Kwanza weka pimamaji kwenye nguzo, kaskazini halafu mashariki. Dishi lisilozunguka linasamehe nguzo iliyopinda, fundi anafidia kwenye bolti. Linalozunguka halisamehi: utaipata setelaiti ya katikati, za pembeni zote zikukimbie.

Kaskazini usiitafute kwa dira ya simu karibu na bomba la chuma, itakudanganya. Simamisha kijiti wima, chora duara kukizunguka, tia alama ncha ya kivuli inapogusa duara asubuhi na inapoligusa tena alasiri. Unganisha alama mbili: huo ndio mstari wa mashariki na magharibi.

Na video za Ulaya zisikupoteze. Kule mhimili, yaani ekseli ambayo dishi linaizunguka, umesimama sana. Dar iko digrii 6.8 kusini ya ikweta, basi mhimili wetu unakaribia kulala, ncha ya kusini ikiinuliwa digrii hizo 6.8 tu. Kisha dishi lenyewe liinamishe kaskazini digrii 1.2 zaidi. Watu wengi wanaisahau hiyo moja na ushee, halafu wanailaumu jeki.

Nikiweka jeki nitaona Azam na DStv kwa dishi moja?

Setelaiti zao zipo juu ya ikweta, ya Azam longitudo nyuzi 7 na ya DStv nyuzi 36 mashariki, dishi litafika kote, ila ving'amuzi na malipo ni vyako. Lakini baba akitaka mpira na mama tamthilia, dishi litazunguka mpaka mgombane. Nunueni madogo mawili.

Mvua ikinyesha dishi langu linajaa maji kama karai. Nifanyeje?

Setelaiti ya nyuzi 36 ukiwa Dar iko digrii 81 juu, karibu utosini, kwa hiyo dishi la bati linatazama mawingu na kukinga kila kitu. Toboa matundu mawili ya milimita 8 pale maji yanapotuama. Mawimbi ya C, yale ya madishi makubwa, yana urefu wa sentimita 7 na kitu, hayatajua kama kuna tundu. Usipuuze: mbu wa dengue, iliyolisumbua jiji 2014 na 2019, anazaliana kwenye maji kama hayo.

Mwenye jeki ana njia nyingine: masika, kabla ya kulala, lipeleke nyuzi 7. Hapo linalalia magharibi, maji mengi yanamwagika. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu lirudishe litazame juu, likiwa upande linageuka tanga. Wenye dishi la wavu hawana shida hii.

Jeki yangu ya mwaka mmoja tu, Mbagala, inaunguruma bila kusogea. Tatizo waya?

Inawezekana, hasa kama umevuta waya wa spika mita 30. Ila nilifungua moja ya mtaa huohuo juzi. Nilipoichomoa fimbo, maji ya rangi ya chai yalinimwagikia mkononi, na mende wawili. Aliyeifunga alikuwa ameziba kwa silikoni tundu la chini, akidhani anazuia mvua. Lile tundu ndiyo njia ya maji kutoka. Lako likague leo.