Beringi Iliyokufa Usimwachie Fundi

Barua za safari hii karibu zote ni za beringi za pikipiki, zile ringi mbili za chuma, ya ndani na ya nje, zenye goroli katikati, na sishangai. Masika yamekwisha, na maji yaliyoingia kwenye habu, kitovu cha gurudumu, mwezi wa nne ndiyo yanaanza kulia sasa.

Fundi, habari za kazi. Naendesha boda Musoma mjini, pikipiki ya 150. Tangu Januari nimebadilisha beringi za gurudumu la mbele mara tatu. Fundi wa kijiweni anasema spea za siku hizi zote feki. Pikipiki naitunza, naiosha kila jioni kwa mashine kule ziwani. Ni spea kweli?

Feki zipo, sikatai. Lakini hata feki haifi kila baada ya miezi miwili bila kusaidiwa. Swali langu la kwanza, kaka: ile beringi ya mwisho iko wapi? Najua jibu, umemwachia fundi. Kaifuate.

Ukiipata, ng'oa kifuniko cha mpira kwa ncha ya kisu. Grisi ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, au ukiona kutu, basi ni maji. Grisi ikiwa safi lakini njia ya goroli ina vishimo vilivyopangana kwa nafasi sawa, hiyo ni nyundo: fundi aliigonga kwenye ringi ya ndani wakati anaiingiza, na nguvu yote ikapita kwenye goroli. Inaingia imeshajeruhiwa. Chuma kikiwa na rangi ya bluu au kahawia, imeungua.

Kwa hali yako naanzia kwenye maji. Jioni unatoka kazini, habu ina moto wa breki. Ukiipiga maji ya baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia mdomo wa sili, ule mpira unaoziba ubavuni. Mashine ya presha ikielekezwa pale pale kwenye ekseli, chuma kinachopita katikati ya gurudumu, inamalizia kazi. Sili imetengenezwa kuzuia vumbi na maji ya barabarani, si bomba linalokaribia kubandua rangi. Acha pikipiki ipoe, kisha katikati ya gurudumu osha kwa ndoo na kitambaa.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi wa kijiweni hulipuuza, nami nililipuuza miaka ya mwanzo. Kati ya beringi mbili za gurudumu kuna bushi ndefu, kile kibomba kinachopitiwa na ekseli. Kazi yake ni kuzuia ringi za ndani zisisogeleane unapokaza nati. Ikipotea, au ikiwa imelika ikapungua, kila unavyokaza ndivyo goroli zinavyobanwa ubavuni. Lipime mwenyewe: inua gurudumu, kaza nati kama kawaida, lizungushe. Legeza nati, lizungushe tena. Likiwa zito nati ikiwa imekazwa na jepesi ikilegezwa, ama bushi ina kasoro ama beringi moja haijakaa mpaka mwisho. Ukifunga beringi mpya hapo bila kurekebisha hilo, umepanda mbegu kwenye jiwe.

Dukani naulizwa, "Unataka ya Mhindi au ya Mchina?" Nijibu nini? (Dereva, Kahama)

Taja namba. Beringi haijui jina la pikipiki. Namba imechorwa ubavuni, kwa mfano 6301: tundu milimita 12, kipenyo cha nje milimita 37, unene 12. Ya Mhindi, ya Mchina, ya Mjapani, 6301 vipimo vyake ni hivyo hivyo. Kinachofuata namba ndicho cha kuangalia. 2RS ina mpira pande zote mbili, ZZ ina kifuniko cha bati. Kwa gurudumu linalopita kwenye tope chukua ya mpira. Ukiona C3, maana yake goroli zina nafasi zaidi kidogo ya kupumua. Hizo hutumika sana ndani ya injini, kwenye joto.

Na risiti chukua, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Shikamoo fundi. Pikipiki nilinunua mpya dukani. Injini inavuma tangu sevisi ya mwisho. Niliwaambia, wakasema "itazoea". Sasa wanasema ni beringi ya krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, na waranti imeisha siku 11 zilizopita, nilipe 480,000. Nifanyeje? (Dada wa Morogoro)

Marahaba. Siku 11 zinauma, lakini swali lenye uzito ni siku uliyolalamika, si siku injini iliyoshindwa. Tafuta kadi ya sevisi. Kama fundi wao aliandika neno lolote kuhusu mlio, una dai lililozaliwa ndani ya muda. Kama hakuandika, jiulize kama ulituma ujumbe wa simu, hata wa mistari miwili, au kama kuna sauti uliyorekodi. Mimi niliwahi kupoteza dai kwa muuzaji mmoja kwa sababu nililalamika kwa mdomo, tukacheka, tukapeana mikono, na mwezi uliofuata hakuna aliyekumbuka.

Kabla ya hela, hakikisha ugonjwa. Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse ubavu wa injini karibu na krenki, mpini uweke sikioni. Beringi ya krenki huvuma, na mvumo hupanda pamoja na mzunguko. Konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, hugonga, hasa ukipanda mlima. Mlio mwembamba wa kichwani, tik-tik-tik, mara nyingi ni tapeti, zile zinazosukuma vali, na kurekebisha tapeti hakukaribii hiyo bei hata kidogo.

Ikithibitika ni krenki, omba mchanganuo wa hiyo 480,000: spea kiasi gani, ufundi kiasi gani. Beringi zenyewe ni sehemu ndogo. Unacholipia ni kuipasua injini nusu mbili, gasketi na sili. Kisha waandikie barua ya heshima ukiambatanisha risiti na kadi za sevisi, uwaombe watoe spea, wewe ulipe ufundi. Nimeona maombi ya namna hiyo yakikubaliwa, maana hakuna muuzaji anayependa mteja wa kulia pale mlangoni. Wakikataa, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaostahili, na waranti kuisha peke yake hakufuti hilo. Mzigo wako ni kuonyesha kwamba kasoro ilikuwamo. Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya walaji.

Jambo moja nakusihi: usimruhusu fundi wa mtaani aifungue kwanza "aangalie tu". Ikishafunguliwa nje, dai limekufa.

Fundi, mimi naendesha boda kwa mkataba, na tajiri mwenye pikipiki anasema beringi ni juu ya dereva. Ni haki?

Soma mkataba. Kama haukusema, kaeni mwandike leo. Ila niulize nawe: mishikaki, abiria zaidi ya mmoja, unabeba? Kwa hesabu za watengenezaji, mzigo ukiongezeka mara mbili, umri wa beringi ya goroli hushuka hadi moja ya nane. Na cheni unaikaza mpaka inalia kama gitaa? Pikipiki ndogo nyingi zinataka icheze milimita 20 hadi 30. Ikikazwa zaidi, beringi ya upande wa spoketi, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, ndiyo inayovutwa kutwa nzima. Kama ni hayo mawili, tajiri ana hoja.

Salaam kutoka Mombasa. Usukani wangu hunasa katikati, kama kwamba kuna kijishimo, nikienda moja kwa moja hutulia hapo penyewe.

Ni hicho hicho kijishimo. Goroli za shingo ya usukani zimechimba bakuli, vile vikombe vya chuma zinamozungukia, pale zinapokaa muda mwingi, yaani ukiwa umenyoosha. Kukaza nati ya juu hakutasaidia, kutaongeza kunasa. Badilisha bakuli zote mbili, juu na chini, pamoja na goroli, na uzijaze grisi usibanie. Kwa hewa ya chumvi ya hapo pwani, shingo iliyofungwa kavu haidumu. Kazi hii usiicheleweshe, usukani unaonasa unatafuta mtu wa kumwangusha.

Unasema turudi na beringi mbovu nyumbani. Za kazi gani baada ya kuzichunguza? (Wa Singida)

Watoto watakuomba za kigari cha mbao, wape moja. Nyingine ipige tupa kidogo kwenye mzingo wake wa nje mpaka iingie na kutoka kwenye habu bila kubana. Siku ya kufunga mpya, iweke hii juu yake ndipo ugonge: nyundo inatua kwenye ringi ya nje, goroli hazipati kitu. Mpya ilale kwenye friji usiku kucha ndani ya mfuko, na habu uianike juani asubuhi. Huenda nyundo usiihitaji sana.